Nina miaka 16, nataka kuhama kwa baba: sheria inaniruhusu kujitegemea?

"Dada shikamoo. Nina miaka 16, nipo kidato cha tatu, naishi Morogoro na baba. Mama waliachana na baba nikiwa darasa la tatu, sasa hivi yuko Oman anafanya kazi za ndani, tunaongea WhatsApp. Baba akinywa ananipiga, juzi kanipiga na waya mpaka mgongo umebaki na alama, na ameshasema mwaka huu ukiisha niache shule nikae dukani. Bibi mzaa mama yuko Singida anasema niende kwake ila anaogopa baba atamfungulia kesi kwamba kaniiba. Kuna rafiki yangu ana saluni ameniambia tupange chumba wote, mimi nina laki na nusu. Niliona TikTok mtoto wa Marekani alienda mahakamani hakimu akatangaza anajitegemea, wazazi hawamuhusu tena. Na mimi naweza kufanya hivyo hapa? Baba anasema nikitoka nisimhesabu tena, hatanilipia hata daftari. Naomba usitaje jina langu."

Marahaba mdogo wangu. Jina lako halitoki hapa. Umeniuliza swali moja la sheria lakini ndani yake kuna mambo matatu umeyafunga pamoja: unapigwa, unataka kutolewa shule, na hujui ukitoka hapo nyumbani utakuwa chini ya nani. Nitayafikia yote ila naanza na mgongo wako maana hilo halisubiri.

Kupigwa na waya mpaka alama zibaki hiyo sio adhabu ya mzazi. Nakwambia ukweli, Sheria ya Mtoto ya 2009 haijamkataza mzazi kumrudi mtoto wake moja kwa moja, lakini imekataza mateso na adhabu za kikatili, na imesema kumrudi mtoto hakuhalalishwi kama kumezidi kiasi ukiangalia umri wake na hali yake ya mwili na akili. Waya mgongoni umezidi kiasi, hapo hakuna mjadala, kwahiyo usikae unajiuliza labda ulistahili. Hizo alama zipigwe picha leo kabla hazijafifia, mtu unayemuamini akupige mgongo wote na nyingine kwa karibu, umtumie mama na bibi, halafu kama baba huwa anaishika simu yako zifute kwako. Kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto, lipo kwenye vituo vikubwa vya polisi, watakuandikia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali na daktari ajaze alichokiona. Hata kama leo hutaki baba yako ashtakiwe, na watoto wengi hawataki, naelewa, hiyo karatasi itunze. Siku hakimu au afisa anauliza "kuna nini cha kuonyesha" wewe unacho, sio maneno yako dhidi ya maneno ya baba.

Sasa hiyo ya TikTok. Ni kweli ipo, mtoto hajakudanganya. California mtoto kuanzia miaka 14 anaweza kuomba mahakama imtambue anajitegemea, ila awe tayari anaishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao au wao wakiwa wamekubali tu yaishe, na awe anaendesha hela zake mwenyewe, hela zenyewe zisiwe za uhalifu. Texas ni miaka 17, au 16 kama tayari anaishi mbali na wazazi na anajilisha. Ufaransa ni kuanzia 16 na kwa kawaida inabidi mzazi mwenyewe, hata mmoja, ndio aombe kwa hakimu. Kwahiyo ona, hata ungezaliwa California na hiyo laki na nusu yako pale kwa baba ungekwama maana hujaanza kujilisha. Na kitu ambacho video haikukuonyesha ni kwamba hakimu akishasaini, mzazi naye anapumzika, halazimiki tena kumlisha wala kumtunza yule mtoto. Uhuru unaenda pande zote mbili.

Hapa Tanzania hiyo njia haipo. Chini ya miaka 18 ni mtoto, basi, hamna fomu ya kujaza wala hakimu wa kukutangaza mtu mzima kabla ya siku yako. (Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto ya 2011, ila wewe uko Morogoro kwahiyo nazungumzia ya bara.) Na kabla mtu hajakushauri vibaya, kuolewa sio mlango wa kutokea. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia, hiyo ndio watu wazima wengi wanaikumbuka, lakini Mahakama Kuu mwaka 2016 kwenye kesi ya Rebeca Gyumi ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba na Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Zaidi ya hapo wewe ni mwanafunzi, na tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari kifungo chake ni miaka 30. Kwahiyo akitokea mtu, hata awe na heshima zake mtaani, anakwambia "njoo kwangu nitakutunza utatulia", ujue anakuweka wewe kwenye hatari na yeye mwenyewe kwenye jela.

Sasa mimi ninachotaka ukishike kwenye jibu langu lote ni hiki: usitafute kuachwa huru, tafuta kubadilishiwa mlezi. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiachwa huru unabaki peke yako na miaka 16 yako. Ukibadilishiwa mlezi unahamia kwa bibi, unaendelea kuwa mtoto, na baba yako anaendelea kudaiwa matunzo yako kama kawaida. Kwahiyo kwa hali yako mimi naona kutokuwepo kwa ile sheria ya Marekani hakujakupotezea kitu, sana sana kumekulinda.

Inakuwaje hiyo. Sheria ya Mtoto inaanza kwa kusema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, mtu asimnyime, halafu hapohapo inaweka ubaguzi: isipokuwa mahakama ikiona kuishi nao kutamletea madhara makubwa, au anateswa, au sio kwa maslahi yake. Wewe unaingia hapo. Na anayeruhusiwa kuomba mahakamani kukaa na mtoto sio baba na mama peke yao, hata ndugu anayemlea anaweza. Bibi yako ni ndugu. Mahakama ikipima ombi inaangalia maslahi ya mtoto kwanza, umri wake, faida ya kukaa na wazazi, kutohamishwa hamishwa, kama kuna wadogo zake wasitenganishwe, na inasikiliza mtoto mwenyewe anasema nini kama kasema kwa akili yake bila kufundishwa. Mtoto wa miaka mitano akisema nataka kwa bibi hakimu anatabasamu tu, ila binti wa miaka 16 wa form three akisimama akaeleza kwa utulivu kwanini, yale maneno yana uzito mkubwa.

Watakuja watu kukwambia mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Hii nimeisikia mpaka kwa wazee wa mabaraza. Kilichoandikwa kwenye Sheria ya Ndoa ni kwamba mtoto wa chini ya miaka saba inachukuliwa ni vizuri akae na mama yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haikusema akishavuka saba anakuwa mali ya baba, watu wamejimalizia wenyewe. Na habari ya mahari nayo ni hivyohivyo, baba yako alitoa mahari kwa ajili ya ndoa, hakununua haki ya kukutoa shule.

Sasa vitisho vya baba, nichukue kimoja kimoja. "Sitakulipia hata daftari." Jukumu la mzazi kumtunza mtoto, chakula, mavazi, malazi, matibabu, elimu, halikatiki kwa sababu mtoto kalala nyumba nyingine. Wazazi wakiachana haliishi, mtoto akilelewa na bibi haliishi. Mtoto anaweza kuomba amri ya matunzo mahakamani kupitia mtu mzima anayemsimamia, au bibi akaomba, au afisa ustawi wa jamii akaomba, na mahakama ikaangalia kipato cha baba, lile duka likiwemo, ikapanga kiasi. Kawaida amri inakwenda mpaka miaka 18 na mahakama inaweza kuiendeleza kama bado unasoma. Kupata amri ni jambo moja na kuipata hela kila mwezi ni jambo lingine, wamama wengi wanajua hilo, wanaume wanasumbua mpaka waitwe tena. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya baba asiyetaka kulipa na baba asiyedaiwa. "Nisimhesabu tena", hiyo ni hasira, kumkana mtoto kwa mdomo au hata kwa barua hakumfutii ubaba wake. Na "nitamfungulia bibi kesi", hapo bibi hajaogopa bure. Baba anaweza kweli kwenda polisi kusema binti yangu katoroshwa, polisi watapiga simu Singida, na kama hamna mahali popote palipoandikwa kwanini uliondoka bibi atahangaika. Ndio maana nakusihi usipande basi kimyakimya usiku. Toa taarifa kwanza, ondoka baada ya hapo. Ikishaandikwa kwa afisa ustawi na polisi kwamba mtoto huyu alipigwa na bibi anampokea kwa usalama wake, ile hadithi ya kuibwa inakosa nguvu.

Sasa habari ya chumba na rafiki yako. Sitaki nikuonee, najua ukiwa unapigwa chumba kimoja chenye kitasa chako mwenyewe kinaonekana pepo. Lakini hebu twende nacho polepole. Mwenye nyumba atataka miezi mitatu au sita mbele, na dalali anataka ya kwake mwezi mmoja, laki na nusu imeisha kabla hujanunua godoro. Mkataba huwezi kusaini maana sheria ya mikataba inataka mtu aliyefikisha umri, ukisaini haushiki, kwahiyo ataandikwa rafiki yako, na siku mkikosana au akipata mchumba wewe huna pa kusimamia, utaambiwa beba mfuko wako. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa kawaida hupati mpaka 18, kwahiyo laini na hela za kwenye simu zinakuwa kwa jina la mtu mwingine. Kazi unaruhusiwa, sheria imeweka kuanzia miaka 14 kwa kazi nyepesi isiyokuumiza na isiyokuzuia kwenda shule, ila sio usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi mtoto haajiriwi, na saluni wewe mwenyewe unajua wateja wanakuja saa ngapi. Halafu kodi ya pili inafika. Hapo ndipo wasichana wengi ninaowapokea walipoharibikiwa, wala sio siku ile ya kwanza ya kuhama, ni siku kodi ya pili imefika na kuna mwanaume amejitolea kuilipa. Hilo silisemi kukutisha, nalisema kwa sababu ni lilelile kila mara na linaanza kwa wema.

Basi twende kwenye njia yenyewe. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii, iko halmashauri au manispaa, kata nyingine wana afisa wao. Vaa sare ya shule kama unatokea shule, hamna shida. Utakuta benchi, utasubiri, pengine saa mbili tatu, na mlangoni karani anaweza kukuuliza shida yako mbele za watu, mjibu tu "ni suala la mtoto, naomba kuongea na afisa faragha". Una haki hiyo. Ndani atakuuliza jina, umri, shule, unaishi na nani, nini kimetokea na lini, ataandika kwenye faili. Usimwambie "baba ananitesa sana siku zote", mwambie jumatatu fulani usiku alirudi, alisema hivi, alichukua waya, alinipiga hapa, alikuwepo fulani, picha hizi hapa, PF3 hii hapa. Mwambie na habari ya kuachishwa shule, kwa maneno ya baba mwenyewe. Halafu mpe jina na namba ya bibi. Afisa kazi yake baada ya hapo ni kumuita baba kwa mazungumzo na kuamua kwa maslahi yako, na baba akikataa kutii jambo linapelekwa mahakamani. Mahakama ya Watoto sio ile ya kwenye picha, Dar ina jengo lake Kisutu lakini mikoani mara nyingi ni mahakama zilezile zinasikiliza kesi hizi faragha, watu baki hawaingii, afisa ustawi anakuwepo, na hakimu anaongea na wewe kwa lugha unayoielewa.

Kuna uwezekano mkubwa tu afisa akasema "rudi nyumbani tutamuita baba tuyamalize". Maafisa ni wachache, mafaili ni mengi, na usuluhishi ndio kitu kinachofanyika haraka. Usuluhishi sio mbaya kila mara, kuna baba ameitwa ofisini akaona aibu akabadilika kweli na mtoto akamaliza shule hapohapo nyumbani. Ila kwako kuna pombe na kuna waya, kwahiyo akikwambia rudi muulize wazi: "usiku wa leo baba akijua nimekuja hapa akanipiga, nimpigie nani?" Hilo swali linamfanya afikirie pa kukulaza. Unaweza kuomba ulale kwa ndugu mwingine hapohapo Morogoro wakati baba anaitwa, shangazi, mama mdogo, hata mzazi wa rafiki yako wa shule anayefahamika. Kwa mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa unaweza kuanzia pia, lakini kama ni mtu anayekunywa na baba yako mruke, hulazimiki kupita kwake. Na mwalimu wa malezi pale shuleni, kama kuna hata mmoja anayekujua vizuri, mwambie yeye hata kabla ya wote na umuombe muende naye. Mtoto akiingia ofisini na mwalimu wake anasikilizwa mara mbili zaidi, ndio hali halisi.

Mama yako hata akiwa Oman bado ni mzazi, sio mtazamaji. Muombe aandike barua, aeleze yeye ni mama yako mzazi, anaridhia ukae na bibi, na atachangia nini, asaini na aweke kopi ya pasipoti. Akipata nafasi ya kufika ubalozi wetu Muscat wakamgongea muhuri ni vizuri zaidi, akikosa ruhusa kwa bosi wake basi barua na sauti zake za WhatsApp zitunzwe. Bibi naye akaanze mazungumzo na ustawi wa jamii huko Singida ili ofisi mbili ziongee zenyewe.

Kwenye shule usichelewe. Kuhama shule kunapitia kwa mkuu wa shule unayotoka na wa unayokwenda, na kunakuwa rahisi sasa hivi kuliko ukishasajiliwa mtihani wa form four. Kabla hujaondoka hakikisha una cheti cha kuzaliwa au picha yake, matokeo ya form two na kadi ya bima kama ipo. Ada ya sekondari ya serikali haipo, kwahiyo bibi asiogopeshwe na hilo, kuna sare, madaftari na michango, na hivyo ndivyo vya kumdai baba. Kama bibi nyumba imejaa au shule iko mbali, ulizia ya bweni Singida, wakati mwingine bweni linatuliza mambo kuliko nyumba yoyote ya ndugu.

Kama ukinipa nichague mimi ningekwenda kwa bibi kwa maandishi ya ustawi wa jamii, na amri ya mahakama iombwe baadaye kama baba ataendelea kusumbua. Sio lazima uanze na kesi. Baba wengi wa namna hii wakiona limeandikwa serikalini wanaachia, na uhusiano wako naye unabaki na nafasi ya kupona ukiwa mkubwa. Lakini akishakugusa tena, au akikufungia ndani, au akianza kukuangalia au kukushika kwa namna ambayo mwili wako unakataa, hapo hamna ustawi wa kesho asubuhi, unatoka usiku uleule unakwenda polisi au kwa jirani wa karibu.

Namba ya kushika kichwani ni 116, ni ya msaada kwa watoto nchi nzima, haikatwi hela, hata simu isiyo na salio inapiga. Ukipiga sema hivi tu: "Nina miaka 16, nipo Morogoro, baba yangu ananipiga na waya, kuna bibi Singida anaweza kunipokea, nahitaji afisa ustawi wa jamii wa hapa." Wao wataunganisha. Msaada wa mwanasheria wa bure upo pia, tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wapo karibu kila wilaya, ulizia hapohapo ustawi wa jamii nani yuko Morogoro, na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanapokea kesi za watoto. Mimi kwa maandishi sioni mgongo wako wala simjui baba yako, lazima kuna mtu akuone kwa macho wiki hii. Ukishatoka kwa afisa niandikie alichokwambia, neno kwa neno ukiweza, na kama amekupa tarehe ya baba kuitwa niambie ni lini ili nikuelekeze cha kusema siku hiyo.